Mwongozo kamili: Kurekodi mchezo wa redio wa kauboi kwa vifuu viwili na simu

Rekodi nyingi ninazoletewa nizisikilize zinaharibikia mahali pamoja. Hadithi ni nzuri, waigizaji wanajua kusema, lakini farasi akiingia tu unasikia mtu anabisha hodi. Ko, ko, ko, ko. Msikilizaji aliyekuwa amefika Kansas, Marekani, anarudi chumbani kwake, na msimulizi akisema farasi alikuja mbio, hasadikiwi tena.

Watu huvilaumu vifuu. Vifuu havina kosa. Mafundi wa sauti wa redio za Marekani miaka ya 1930 na 1940 walitumia hivyohivyo, wengine wakatumia vile vikombe vya mpira vya kuzibulia choo, na mtoto aliyekaa mbele ya redio alimwona farasi mzima pamoja na vumbi lake. Kosa liko kwenye mwendo wa farasi na umbali wake kutoka kwenye maiki. Kwenye hayo mawili nitakaa sana. Mengine tutayapita haraka.

Tutatengeneza onyesho moja la dakika tatu hivi linaloishia pabaya, kama ilivyokuwa michezo ya mfululizo ya robo saa ya wakati ule. Mfano ni ule wa Tom Mix, kauboi wa filamu, ulioanza kurushwa 1933, ambao ulimwacha shujaa hatarini ili msikilizaji arudi kesho yake.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Nazi kavu mbili. Dafu halifai, kifuu chake bado ni laini. Nazi ya pili ni ya akiba.
- Msasa, chaki, kipande cha turubai na vitambaa vikuukuu.
- Sinia au karai mbili pana. Moja jaza udongo mkavu uliochanganywa na mchanga kidogo, nyingine kokoto ndogo.
- Ubao mnene wa urefu wa mita moja, na viatu vyenye soli ngumu.
- Mkanda au pochi ya ngozi halisi iliyochakaa. Ngozi mpya hailii.
- Mkungu mdogo wa funguo.
- Pakiti tupu za biskuti, zile zinazochakarika ukizikunja.
- Kitasa cha zamani chenye komeo linalolia vizuri.
- Blanketi mbili nzito na godoro moja.
- Simu yenye programu ya kurekodi inayohifadhi faili za WAV, yaani sauti isiyobanwa.
- Kompyuta yenye programu ya Audacity, ambayo ni ya bure, au programu yoyote ya simu inayoweza kupanga sauti kwa tabaka.
- Hedifoni za waya. Zisizo na waya huchelewesha sauti, nawe utapiga kifuu nje ya wakati bila kujua.
- Watu wanne: watatu wa kuigiza, mmoja wa sauti tu.

Huyo wa sauti asiigize. Mikono yake ni mwigizaji wa nne, na mtu hawezi kusoma maneno yake huku anamwendesha farasi.

Chumba kiwe kidogo chenye nguo na mapazia. Zima feni na friji. Simamisha godoro ukutani nyuma ya waigizaji ili sauti zisirudi. Kama unaishi chini ya bati, angalia mawingu kwanza.

## Hatua ya 1: Sikiliza gizani, ukiwa na kalamu

Tafuta kipindi kimoja cha Gunsmoke, mchezo wa kauboi, ile ya redio, siyo ya runinga. Ilirushwa na CBS kuanzia Aprili 1952 hadi Juni 1961, vipindi 480, na vingi vinapatikana kwenye Internet Archive, maktaba ya bure ya mtandaoni. Zima taa, sikiliza nusu saa nzima, na usiandike hadithi. Andika sauti tu: kilichosikika, na kama kilikuwa karibu au mbali.

Kama Kiingereza chako si kizuri, kwa hatua hii ni bora zaidi, maana masikio yataacha maneno na kufuata miguu.

Utasikia Marshali Matt Dillon, mlinzi wa sheria wa mji, akitembea kwenye baraza ya mbao ya Dodge City, na utamsikia kila hatua. Hawamkati. Mwongozaji Norman Macdonnell aliwaachia mafundi wake wa sauti, Tom Hanley, Ray Kemper na Bill James, muda wa kumfikisha mtu mlangoni kabla hajasema neno. Mbwa analia mbali. Mlango. Kimya. Ndipo mtu anaongea. Kimya hicho ndicho kinachokosekana kwenye rekodi nyingi ninazosikia; watu wanakiogopa, wanakijaza muziki.

Sikiliza pia The Lone Ranger, uliotoka kituo cha WXYZ cha Detroit kuanzia 1933. Huo una kasi, muziki mwingi, na farasi Silver anayekimbia muda wote. Ni mtamu, lakini usianze kwa kuuiga. Farasi wa mbio ni mwepesi kuficha makosa. Anayetembea polepole husikika kila unyayo, na ukimweza huyo, wa mbio atakuja mwenyewe.

Ukiwa na ukurasa wenye sauti zisizopungua 15 kwa mpangilio wake, endelea. Ukiwa na tano, rudia kusikiliza.

## Hatua ya 2: Andika onyesho ambalo farasi ana kazi

Kama ukimwondoa farasi hadithi inabaki ileile, hutajali anavyosikika, na msikilizaji naye hatajali. Kwa hiyo mpe farasi jambo la kusema. Hili hapa nimeliandika kwa ajili ya mazoezi, litumie lilivyo.

*Kituo cha kubadilishia farasi wa magari ya abiria, nje ya Dodge City, Kansas. Usiku wa baridi, 1876.*

1. SAUTI: Upepo, mbali. Moto unachakarika, karibu.
2. MARTHA: Kuni zimebaki mbili, mwanangu. Lala kabla moto haujazimika.
3. SAUTI: Farasi mmoja, shoti (mbio kali), mbali sana. Anakaribia.
4. ELI: Mama! Baba amerudi!
5. SAUTI: Farasi anapunguza: matiti (mwendo wa kudunda), kisha hatua. Anasimama. Ngozi ya tandiko inalia. Mtu anashuka.
6. MARTHA: (kwa sauti ya chini) Nyamaza. Farasi wa baba yako anachechemea. Huyo ni mzima.
7. SAUTI: Viatu: mbili kwenye udongo, tano kwenye mbao. Kimya.
8. MGENI: (nyuma ya mlango) Naomba maji tu, bibi.
9. SAUTI: Bastola inakokiwa, karibu kabisa.
10. MARTHA: Kisima kiko nyuma ya nyumba. Maji hayahitaji mlango.
11. SAUTI: Kimya. Moto. Kisha, mbali sana, farasi wa pili. Anachechemea.
12. ELI: Mama…
13. SAUTI: Nje ya mlango, bastola nyingine inakokiwa.

Mistari imepewa namba kama ilivyokuwa desturi ya maandiko ya redio, ili mtu akikosea useme "rudini mstari wa 5" na kila mmoja ajue pa kushika, fundi wa sauti akiwemo.

Angalia mstari wa 6. Msikilizaji alimsikia farasi kabla Martha hajasema kitu. Martha anamweleza alichokisikia bila kujua amekisikia, na kuanzia hapo atausikiliza kila unyayo. Mstari wa 11 unamlipa.

Tahadhari: sauti peke yake huwa na maana mbili. Pakiti ya biskuti inaweza kuwa moto, inaweza kuwa mvua. Ndiyo maana Martha anataja kuni mwanzoni kabisa. Neno moja kama hilo linatosha. Akisema "tazama moto huu unavyowaka kwenye jiko letu hapa Kansas," umeua onyesho.

## Hatua ya 3: Pasua na andaa vifuu

Nazi ipasuliwe kati, kwenye kiuno chake, siyo kwa urefu. Ishike kiganjani, igonge kwa mgongo wa panga huku ukiizungusha, kama unavyopasua ya kupikia. Ikune nyama yote mpaka kifuu kiwe kitupu – na hii ndiyo sehemu watu wanaharakisha. Mbuzi haifikii pembezoni, malizia kwa kijiko. Nyama ikibaki hunyonya mlio, na baada ya siku mbili itanuka.

Anika juani siku tatu. Kisha piga msasa kwenye kingo mpaka ukikiweka kifuu juu ya meza kikae sawa bila kuyumba. Kingo zisizo sawa hutoa mgongano mara mbili kwa pigo moja, na farasi wako atakuwa na miguu sita.

Sasa gonganisha kila kifuu juu ya udongo peke yake na usikie. Kile chenye macho matatu mara nyingi hakilii sawa na mwenziwe. Hiyo ni bahati yako. Kwato nne za farasi hazilii sawa, na tofauti hiyo ndogo ndiyo inayofanya masikio yakubali kwamba ni mnyama. Tia alama ya chaki upande wa nje ili chenye macho kikae mkono uleule siku zote.

Mwisho, sindilia kitambaa kidogo ndani ya kila kifuu, robo yake tu. Kifuu kitupu kina mwangwi wa ngoma. Kikijaa sana kinakuwa bubu. Ukikipiga kwenye udongo na kusikia "kop" fupi, nzito, isiyo na mkia, kimekaa sawa.

## Hatua ya 4: Jifunze miendo, kwa mdomo kwanza

Hapa ndipo hodi inapotokea, kwa sababu mtu hupiga kushoto-kulia, kushoto-kulia, kwa nafasi sawa na nguvu sawa, na kudhani akiongeza kasi farasi amekimbia. Farasi hafanyi hivyo. Akibadilisha kasi anabadilisha mpangilio wa miguu yenyewe.

Hatua. Mapigo manne yanayoachana sawa: pa, ka, pa, ka. Ni mwendo wa kilomita sita au saba kwa saa, karibu sawa na mtu mwenye haraka. Mapigo mawili yawe mazito kidogo kuliko mengine, maana ya mbele na ya nyuma hayana uzito mmoja. Aliye Lamu ana mwalimu wa bure: punda akipita kwenye kichochoro, fumba macho uhesabu.

Matiti. Ndilo jina la mwendo huu wa kudunda. Miguu inashuka miwiliwili kwa mshazari, kwa hiyo unasikia mapigo mawili tu: TAP, TAP, TAP, TAP. Piga vifuu vyote viwili kwa pamoja, kimoja kikiwahi kwa nukta moja ndogo.

Mbio za wastani. Mapigo matatu, kisha pengo: ka-ta-PA… ka-ta-PA… Kwa vifuu viwili: kulia, kushoto, kisha kulia kwa nguvu. Pengo ni lazima. Hapo farasi yuko hewani.

Shoti. Mapigo manne ya haraka yaliyobanana, kisha pengo: kapatapa… kapatapa… Wengi hujaza pengo hilo kwa sababu mikono imepata moto. Ukilijaza, umerudi kwenye hodi, hodi ya mtu mwenye hasira.

Anza kwa mdomo. Sema "kapatapa" huku unatembea chumbani, mpaka pengo likae lenyewe. Mikono hufuata ulimi kirahisi kuliko hesabu. Siku mbili za robo saa zinatosha.

Anayechechemea. Huyu ndiye baba wa Eli. Chukua mwendo wa hatua, pigo la nne lifanye hafifu na lichelewe kidogo, kisha linalofuata litue kwa uzito: PA, ka, pa, …(ka), PA. Farasi mwenye mguu unaouma hauwekei uzito mguu ule, hivyo unasikika kidogo; uzito wote unaangukia mguu mzima unaofuata, huo unasikika zaidi. Watu hufanya kinyume, wanaupiga mguu mbovu kwa nguvu ili uonekane, na kinachosikika ni farasi anayepiga teke ardhi.

Mchezeshe mtu asiyejua hadithi huyo anayechechemea. Akikunja uso na kuuliza "ana nini huyu?", umeiva.

## Hatua ya 5: Chagua ardhi

Nje ya Dodge City ni nyanda za nyasi na udongo mkavu, kwa hiyo farasi wetu anakimbia kwenye sinia ya udongo. Kokoto ziweke kwa siku atakapovuka kingo za mto Arkansas. Ubao ni wa daraja na wa baraza.

Kunja blanketi mara nne, iweke chini ya sinia, na sinia iwe sakafuni. Sinia ikikaa mezani, meza ndiyo itakayolia. Udongo ukiwa mkavu mno hutoa vumbi na mlio wa mchele; nyunyiza maji kidogo kwa vidole. Ukitota, kwato zitanyonya kama zinapita matopeni.

## Hatua ya 6: Umbali, kwa miguu yako siyo kwa kompyuta

Kosa la pili kwa ukubwa: kurekodi farasi mdomoni mwa maiki, kisha kupunguza sauti kwenye kompyuta na kusema yuko mbali. Masikio hayadanganyiki hivyo. Kitu cha karibu kilichopunguzwa kinasikika kama kitu kidogo cha karibu. Kitu cha mbali kimepoteza ncha zake kali na kimechanganyika na chumba au uwanja.

Studio za wakati ule zilitumia sana maiki za utepe kama RCA 44, zilizosikia mbele na nyuma huku ubavuni zikiwa kiziwi. Mwigizaji aliyetakiwa kuingia kutoka mbali alisimama ubavuni, kisha akasogea taratibu kuelekea mbele huku akisema. Kuingia kwake kulikuwa kweli, kwa hatua zake.

Maiki ya simu kwa kawaida husikia pande zote, hivyo ubavu hautakusaidia. Utatumia mita. Weka simu kwenye kitabu kilichosimama juu ya kiti, na chora mistari ya chaki sakafuni:

- Nusu mita: Martha, Eli, na bastola ya kwanza.
- Mita moja na nusu: viatu, mkanda wa ngozi, mlango.
- Mita nne au tano, ikiwezekana nje ya mlango wa chumba: farasi anapotokea.

Mgeni asemee nyuma ya mlango halisi uliofungwa. Usimwambie aseme kwa kuziba mdomo. Mlango utafanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Farasi wa mstari wa 3 aanzie nje, kwenye ukumbi, sinia ya udongo ikiwa huko. Kusogea na sinia huku unapiga haiwezekani, kwa hiyo rekodi vipande vitatu kwenye umbali tatu, kila kimoja sekunde kumi, kisha utaviunganisha. Funika vifuu na tabaka moja la blanketi kwa kipande cha mbali kabisa. Ncha zitapotea, na atakuwa nusu kilomita.

Kuhusu muda: shoti ya farasi ni kama kilomita 40 kwa saa, kwa hiyo mita 400 zingemchukua sekunde 36 hivi. Hakuna msikilizaji atakayengoja. Mpe sekunde nane, nazo zitatosha ikiwa umbali umebadilika kweli. Redio hufupisha njia, haifupishi kuwasili: kupunguza mwendo, kusimama na kushuka vipewe muda wake wote.

## Hatua ya 7: Sauti nyingine

Tandiko: nyonga mkanda wa ngozi sentimita kumi kutoka kwenye maiki, mara moja tu, taratibu. Ni sauti ndogo, lakini ndiyo inayomweka mtu juu ya farasi. Kwato zikinyamaza bila ngozi kulia, farasi amekuja peke yake.

Viatu: vaa, usivishike mkononi. Kisigino kitangulie, kidole kifuate. Ningʼiniza funguo mbili tatu kwenye kidole chako na uziachie zitikisike kila kisigino kinapotua. Hivyo ndivyo vyuma vya visigino vya mpanda farasi. Mbili kwenye udongo, tano kwenye ubao. Hesabu ibaki tano katika kila mrudio, kwa sababu msikilizaji anapima baraza hiyo bila kujijua.

Moto: kunja pakiti ya biskuti na uiachie ijifungue yenyewe karibu na maiki. Ukiendelea kuifinya, ni mtu anakula biskuti.

Upepo: vuta kipande cha turubai juu ya kingo ya meza, kwa mivuto mirefu isiyolingana.

Bastola kukokiwa: komeo la kitasa, mibofyo miwili au zaidi ya haraka. Ya Martha iwe nusu mita, ya mgeni iwe nyuma ya mlango. Tofauti hiyo ndiyo onyesho lako lote la mwisho.

Onyesho letu halina risasi, na nimefanya hivyo makusudi. Siku utakapozihitaji, piga mto wa ngozi kwa rula bapa ya mbao ukiwa mita mbili kutoka kwenye maiki, na uzihesabu. Bastola ya Colt ya 1873 ina nafasi ya risasi sita. Ya saba bila kujaza, wanaopenda michezo hii watakushika.

## Hatua ya 8: Rekodi

Usirekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp. Na programu ya kawaida ya kurekodi kwenye simu, ichunguze kwanza. Nyingi zimetengenezwa kwa mazungumzo: zinashusha sauti kubwa, zinapandisha ndogo, na kufuta chochote zinachokiona kuwa kelele. Farasi wa mbali, kwa hesabu zao, ni kelele. Rekodi ngapi zimekuja kwangu kwato zikiwa zimeliwa namna hiyo, na mwenyewe anaapa alizipiga! Tumia programu inayokuruhusu kuzima upunguzaji wa kelele na urekebishaji wa sauti wa moja kwa moja, weka WAV, Hz 44,100.

Piga sauti kubwa kuliko zote kwanza, uone mshale unaopima ukubwa wa sauti kwenye programu. Maneno yafike kilele cha kama dB −12. Mshale ukigusa sifuri sauti imepasuka, na sauti iliyopasuka haishoneki. Rudi nyuma nusu hatua, usiguse kitu kingine.

Rekodi waigizaji wote pamoja, mistari yote 13 kwa mfululizo, na fundi akiwa nao akipiga viatu, ngozi na komeo papo hapo. Farasi na upepo ndivyo vya kurekodi pembeni. Sababu ni pumzi: Martha akisikia komeo kweli, sauti yake inabana yenyewe. Ukimrekodi peke yake akiwazia, utamsikia akiwazia.

Katika kuchagua sauti, usiangalie umbo la mtu. William Conrad, mtu mnene, ndiye aliyekuwa Matt Dillon redioni. Mchezo ulipoingia na runingani mwaka 1955, nafasi ilikwenda kwa James Arness. Redio haikujali. Inachojali ni kwamba Martha na mgeni wasilingane hata kwa silabi moja.

Na ukimpata mtu wa sauti hiyo, mtunze. Aprili 1941, Earle Graser aliyekuwa sauti ya The Lone Ranger alifariki kwa ajali ya gari. Ilibidi waandishi wamjeruhi shujaa, awe haongei ila kwa shida, vipindi kadhaa vipite hivyo hadi Brace Beemer alipoichukua nafasi. Hiyo ndiyo gharama ya kubadilisha sauti katikati ya mfululizo, kwa hiyo kabla hujaahidi vipindi kumi, hakikisha mwigizaji wako wa Martha hahamii mji mwingine mwezi ujao.

## Hatua ya 9: Unganisha

Weka tabaka tatu: maneno pamoja na sauti za papo hapo, farasi, upepo na moto. Zaidi ya hapo utajichanganya.

Unganisha vipande vitatu vya farasi kwa kuvifunika kidogo kidogo, mwisho wa kimoja juu ya mwanzo wa kinachofuata, na uvipange kwa mapigo, siyo kwa macho. Pigo la kwanza la kipande cha pili lianguke pale pigo la cha kwanza lingeanguka.

Upepo uwe chini mno kiasi kwamba unagundua ulikuwepo tu ukiuzima. Kisha, kwenye mstari wa 11, uzime kweli. Sekunde mbili za moto peke yake, halafu yule anayechechemea.

Ukitaka ladha ya redio ya zamani, kata sauti za chini ya Hz 100 na za juu ya Hz 5,000 kwenye rekodi nzima, mwisho kabisa. Usiongeze mikwaruzo ya sahani ya santuri. Waliosikiliza wakati ule walikuwa wanasikia matangazo ya redio, siyo santuri.

Kuhusu muziki: wengi wanakimbilia ule wa William Tell, opera ya Rossini, kwa sababu The Lone Ranger waliutumia. Rossini alifariki 1868 na utunzi wake hauna mwenyewe tena, lakini rekodi unayoichukua mtandaoni ina wapigaji na huenda ina mmiliki. Tafuta mtu mwenye gitaa, akupigie nota nne. Majina ya wahusika wa zamani nayo yaache, una Martha.

## Hatua ya 10: Jaribu kwa masikio mapya

Tafuta mtu mmoja ambaye hakuwepo mkirekodi. Mkalishe gizani, mchezeshe mara moja tu, usimweleze chochote. Kisha muulize maswali haya, kwa mpangilio huu: Farasi wangapi? Mgeni alisimama wapi? Ni nani anakuja mwishoni?

Akisema farasi mmoja, mstari wa 11 uko chini sana, au unachechemea kidogo mno. Akisema mgeni alikuwa ndani, rudia mstari wa 8 na mlango ufungwe kabisa safari hii. Akishindwa kujua nani anakuja, usimlaumu wala usiongeze maneno kwenye andiko. Rudi kwenye sinia, umchechemeze farasi upya.

Akijibu "baba," na hapo hapo akauliza mtoto alifanyaje, hifadhi faili ya WAV kwenye sehemu mbili, toa nakala ya MP3 ya kuwapa watu, na uanze kuandika mstari wa 14. Vifuu vifunge kwenye kitambaa kikavu, kimoja mbali na kingine, chenye macho kikiwa na alama yake.